Habari za Wayunitaria na Uhuru wa Dhamiri

Wayunitaria waliitwa hivyo kwa kuwa walikiri umoja wa Mungu, wakakataa mafundisho ya Utatu. Kanisa lao lilisimama Transylvania, iliyo leo sehemu ya Romania, likiongozwa na Ferenc Dávid. Mwaka 1568, katika baraza la Torda, mfalme János Zsigmond alikubali amri ya kwamba wahubiri wahubiri Injili kama waielewavyo, wala watu wasishurutishwe, maana imani ni kipawa cha Mungu. Walakini Waorthodoksi na Wayahudi hawakupewa haki iyo hiyo. Tena, mfalme alipokwisha kufa, Dávid mwenyewe alifundisha kwamba Kristo asiabudiwe. Akashtakiwa kwa kuzusha mapya, akafa kifungoni Deva mwaka 1579. Hata karibu nasi, Bujumbura, mchungaji wa Wayunitaria, Fulgence Ndagijimana, alifungwa mwaka 2015, kisha akaihama nchi.

Habari hizi zatufaa hapa Babati, ambako Wagorowa, Wairaqw na Warangi hukaa pamoja, adhana na kengele zikisikilizana. Sisi tushikao Utatu hatuipokei itikadi yao. Lakini amri ya Torda yatuhusu tufundishao. Lugha yetu hutenga kuamini na kutii: mtoto akiriye kwa hofu ya fimbo ametii tu, hajaamini.