My Parents' Bedroom (hadithi)

Hadithi fupi ya Uwem Akpan, mwandishi wa Nigeria aliyekuwa kasisi wa Kijesuiti. Ilitoka katika jarida la The New Yorker mwaka 2006, kisha katika mkusanyo Say You're One of Them (2008).

Msimulizi ni Monique, mwenye miaka 9, anayecheza na mdogo wake Jean nyumbani wakati mauaji ya kimbari ya 1994 yanapoanza Rwanda. Mama ni Mtutsi, baba Mhutu. Damu inachuruzika ukutani kutoka darini, walikojificha watu. Mtoto anaiona kabla ya kuielewa. Baba analazimishwa kumuua mkewe kwa panga mbele ya watoto. Monique hapati nafasi ya kuomboleza: ana mdogo wa kumbeba. Hapo ndipo ulipo uzito wa hadithi, zaidi ya kwenye panga.

Historia haikuwa mbali na hayo. Huko Kicukiro, wilaya ya jiji la Kigali, wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ETO tarehe 11 Aprili 1994. Wakimbizi waliokuwa wamejihifadhi shuleni hapo walipelekwa eneo la Nyanza, wengi wakauawa.