Mkuyu wa Chunguni

Katika kaburi la Mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706 karibu na Xi'an nchini Uchina, mna picha ukutani ya mtumishi aliyebeba chombo chenye mawe na miti midogo. Na kwa ushahidi huo twajua ya kwamba sanaa ya kulea miti vyomboni ni ya kale kwa Wachina, ambao kwao Wajapani waliipokea, wakaiita bonsai.

Walakini mti wa jamii ya mkuyu, uteremshao mizizi kutoka matawini kama ndevu za mzee, hauvumilii baridi kali, na kwa sababu hiyo makao yake hayakuwa Kyoto ya Japani bali nchi za joto na unyevu, kama Guangdong na Taiwan. Mafundi wa Guangdong, wa madhehebu yaitwayo Lingnan, aghalabu hawalikunji tawi kwa waya (nami nawaunga mkono). Hulikata, wakangoja chipukizi linenepe, kisha wakalikata tena, kazi ya miaka mingi isiyomfaa mwenye pupa.

Ama mizizi ya hewani, hiyo hewa ikiwa kavu hunyauka. Basi mlezi huufunika mti kwa nailoni, na mzizi mwembamba utokezapo huutia ndani ya mrija ulioelekezwa udongoni, hata ukishashika na kunenepa, mrija ukapasuliwa. Mizizi miwili ikigusana muda mrefu huungana, wala haitengani tena. Kwa hiyo, ewe msomaji utakayejaribu, mzizi usioutaka uukate mapema.