Nyasi Tatu za Kinamasi na Taa ya Maskini

Mtoto wa kijijini hachanganyi matete na mafunjo. Lakini kinamasini mna mimea mingine ambayo hata wenye elimu walibishana juu yake miaka mingi. Wataalamu huiita Juncus. Ile tunayoisema leo si tete, maana shina lake halina mafundo. Wala si mafunjo, maana shina ni la mviringo, halina pembe tatu. Ukiitazama waona fimbo ya kijani tu, nyembamba, imesimama wima, na kifungu cha maua madogo ya kahawia kimetokea ubavuni karibu na ncha. Majani yenyewe yamepungua, yamebaki kama maganda chini penye mizizi. Huota Ulaya po pote penye maji yaliyotuama, na jamaa zake wako hata katika milima mirefu ya Afrika. Hapa tutaiita nyasi za kinamasi.

Mtu atauliza: kuzipambanua kuna faida gani? Kwa watu wa mashamba wa Uingereza faida ilikuwa taa.

Katika kijiji cha Selborne, kusini ya nchi hiyo, aliishi Gilbert White (1720–1793), mchungaji wa Kanisa la Anglikana, mtu aliyependa kuchungulia ndege, wadudu na majani. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alieleza kazi yote. Wazee wasio na nguvu, wanawake na watoto walikata nyasi katikati ya majira ya joto, wakazitupa majini mara moja, kwa sababu zikikauka ganda halitoki. Kisha walizimenya, wakiacha ukanda mmoja mwembamba wa ganda toka juu mpaka chini ili ushike kiini. White alimwona mwanamke mzee, kipofu kabisa, akimenya upesi na kwa nadra kukosea. Baadaye walizitandaza nje zipate umande usiku kadhaa, wakazianika juani, wakazichovya katika mafuta ya moto. Mke mwangalifu hakununua mafuta: aliengua yale yaliyoelea katika chungu alimopikia nyama ya nguruwe.

White alikuwa mtu wa hesabu. Katika ratli moja ya nyasi kavu alipata zaidi ya 1,600. Moja, ya urefu wa sentimeta 72 hivi, iliwaka dakika 57. Akaona ya kuwa kwa robo ya peni jamaa maskini walipata mwanga wa saa tano na nusu. Mshumaa wa nusu peni uliwaka saa mbili tu katika nyumba zao zilizopitisha upepo. Kwa fedha hiyohiyo nyasi zingeliwaka saa kumi na moja. Tena serikali ilitoza kodi ya mishumaa, iliyofutwa mwaka 1831, lakini taa ya nyasi ambayo mtu alijitengenezea nyumbani haikutozwa. White awalaumu maskini wa mwisho walionunua mshumaa kila jioni, kwamba hawakujua kutunza fedha. Sisi twaona lawama hiyo ni kali mno: asiyepika nyama atayatoa wapi mafuta?

Sasa tumfikirie mtu aliyekata unyasi usiofaa. Kiini ndicho utambi. Ni cheupe, chepesi kama sifongo, nacho hunywa mafuta. Upo unyasi mmoja, Juncus inflexus, ambao kwa mbali wafanana na wenzake, lakini kiini chake kimekatika-katika, chumba kitupu, kisha kiini, kisha chumba tena. Huo hautoi utambi mzima. Hutambulikana kwa rangi yake ya kijani yenye ukungu wa kibuluu, kwa mistari iliyoinuka wazi, kama 12 mpaka 18 kuzunguka shina, na kwa maganda ya chini meusi-meusi yanayong'aa. Ua lake lina stameni sita. Wenzake wawili kwa kawaida wana tatu.

Hao wawili ndio waliosumbua watu. Linnaeus, yule Mswedi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, aliwaandika wote katika kitabu chake cha mwaka 1753. Mmoja alimwita effusus, yaani uliomwagika, kwa sababu maua yake yametawanyika. Wa pili alimwita conglomeratus, yaani uliokusanyika, kwa sababu maua yake yameshikana kama kidonge. Majina ni mazuri, lakini yamewapoteza wengi. Maana iko effusus ambayo maua yake pia yameshikana, na mwenye kusoma jina tu ataiweka mahali pasipo pake. Katika karne ya 19 Mjerumani Ernst Meyer alichoka nazo, akaziunganisha zote mbili chini ya jina moja, Juncus communis.

Leo zimetengwa tena, wala si kwa sababu ya maua kushikana au kutawanyika. Shike shina bichi, ulipitishe kati ya vidole chini kidogo ya maua. Effusus ni laini, tena lang'aa. Conglomeratus limefifia, na vidole vyasikia mistari midogo. Kitunda cha effusus kina kishimo juu, basi. Cha conglomeratus kina kinundu kidogo ndani ya kishimo hicho. Tena conglomeratus hutangulia kutoa maua.

Twashangaa kidogo kuona ya kwamba alama iliyo bora iko katika shina, pale ambapo mikono ya wamenyaji ilipita kila mwaka, wakati macho ya wenye vitabu yalikuwa juu, kwenye maua. Lakini hata vidole vina mpaka wake. Mahali nyasi hizi mbili zinapoota pamoja huweza kuzaa chotara, mwenye alama za wazazi wote wawili, na hapo mtaalamu hana budi kukata shina na kulitazama kwa kioo cha kukuzia.