Laki (namba)

Laki moja ni namba asilia inayofuata 99,999 na kutangulia 100,001. Huandikwa 100,000 au 10⁵. Neno lina asili ya Kihindi; huko Uhindi namba hiyo huandikwa 1,00,000.

Vigawo vyake tasa ni 2 na 5 pekee (2⁵ × 5⁵), na vigawo vyote ni 36. Si mraba wa namba nzima, ila ni jumla ya miraba miwili kwa njia tatu: 300² + 100², 260² + 180² na, isiyotarajiwa, 316² + 12². Namba tasa zilizo chini yake ni 9,592. Kubwa kuliko zote ni 99,991.

Katika fedha hutajwa kwa mkato. Mpangaji wa Chumbageni, Tanga, akiambiwa kodi ni "laki na nusu", anadaiwa shilingi 150,000: nusu hiyo ni ya laki, si ya shilingi.