Dada wa saluni, jibu lako liko Bristol

 

Dada yangu mwenye saluni kaniuliza: nyimbo nimenunua kwa pesa yangu, sasa kwa nini niambiwe nilipie tena kibali cha kuwapigia wateja? Jamani, swali hilo ni la zamani, na mojawapo ya majibu yake lilitokana na mgahawa wa hapa hapa Bristol ninapofanyia kazi.

Kwanza twende Paris, mwaka 1847. Mtunzi wa nyimbo Ernest Bourget alikaa na wenzake kwenye mkahawa wa Ambassadeurs, bendi ikawa inapiga kazi zao. Kulipa vinywaji wakagoma: ninyi mnatumia muziki wetu bure, basi na sisi tumekunywa bure! Kesi ikafika mahakamani, Bourget akashinda. Mwaka 1851 kikaundwa SACEM, chama cha kukusanya pesa za watunzi. Waingereza wakaanzisha chao, PRS, mwaka 1914.

Sasa hapo aliyelipwa ni mtunzi. Je, aliyegharamia kurekodi? Hapa Bristol, kampuni ya Stephen Carwardine ilikuwa na mgahawa wa chai na kahawa, wateja wakipigiwa santuri. Mwaka 1933 kampuni ya Gramophone, watengenezaji wa santuri, wakaishtaki. Swali likawa kama la dada: ukishanunua santuri, una ruhusa ya kuipiga mbele za watu? Jaji Maugham akasema hapana. Sheria ya 1911 ilimpa mwenye rekodi haki yake, mbali na ile ya mtunzi. Mwaka 1934 EMI na Decca wakaunda PPL ya kukusanya malipo hayo, na leo waimbaji na wapiga vyombo nao hupata mgao.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mwenye duka huku alikata leseni mbili, ya PRS na ya PPL. Mwaka 2018 zikaunganishwa kuwa moja.

Na nyumbani je? Sheria yetu ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Maneno mawili hayo si ya pambo: la kwanza ni la mtunzi, la pili ni la waimbaji na waliorekodi.

Kwa hiyo dada, ulichonunua ni kusikiliza mwenyewe. Saluni muziki unamkalisha mteja asichoke kusubiri foleni, maana yake unakufanyia kazi kama draya. Draya uliilipia. Mzee aliyepiga lile gitaa unalolipenda naye ana haki ya chake. Ila ukilipa dai risiti, tena uliza hiyo pesa inamfikiaje. Kuuliza nako ni haki yako!

Haya, msalimieni mama. Zamu inaniita.