Waranti kuisha si mwisho wa haki za mnunuzi wa kifaa cha umeme

MKAZI wa Gesima, kaunti ya Nyamira, anayenunua jokofu mjini Keroka au Kisii hukabidhiwa karatasi mbili: risiti na kadi ya dhamana, ambayo wengi huiita waranti. Kadi hiyo aghalabu husema kwamba kifaa kimedhaminiwa kwa miezi 12. Jokofu likizima mwezi wa 14, mnunuzi huitazama tarehe, akashusha pumzi, kisha akamwita fundi wa mtaani na kumlipa kwa fedha zake mwenyewe. Wachache wanaothubutu kurudi dukani hupewa jibu fupi kwamba waranti imekwisha.

Jibu hilo ni la kweli kuhusu kadi. Si la kweli kuhusu sheria ya Kenya.

Suala hili si dogo katika wadi hiyo ya Masaba Kaskazini, ambako familia nyingi hutegemea majani chai, mahindi na ng’ombe wa maziwa. Runinga au jokofu la Sh40,000 mara nyingi hununuliwa kwa bonasi ya majani chai, ambayo mkulima huingoja mwaka mzima. Tangu serikali ilipozindua mradi wa kusambaza umeme vijijini mwaka 2015, nyumba nyingi zilizokuwa zikitumia taa za mafuta zimeunganishiwa stima, na vifaa vimefuata nyaya. Vingi huharibika kabla mwenyewe hajasahau bei yake.

Kadi ya waranti ni ahadi ya hiari. Mtengenezaji au mwenye duka huahidi kurekebisha au kubadilisha kifaa katika muda fulani bila kuuliza maswali mengi, naye huweka masharti yake: kadi iwe imepigwa muhuri, kifaa kisiwe kimefunguliwa na fundi asiyetambuliwa, na kadhalika. Ahadi hiyo ina manufaa kwa sababu humwondolea mnunuzi kazi ya kuthibitisha chanzo cha hitilafu. Muda ukiisha, kinachoisha ni wepesi huo.

Chini ya ahadi hiyo kuna wajibu mwingine ambao haukuandikwa kwenye kadi, wala hauhitaji kuandikwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo Kenya iliirithi kutoka enzi ya ukoloni kwa kufuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inachukulia kwamba kila muuzaji wa kawaida wa bidhaa za aina fulani ameahidi kuwa bidhaa hizo zina ubora unaostahili kuuzwa. Kifungu cha 16 kinaongeza kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kifaa kiifanye, na kutegemea ujuzi wake, basi kifaa sharti kiimudu kazi hiyo. Anayesema, “Nataka jokofu la kuhifadhi lita 50 za maziwa kila siku,” huwa amejiwekea kinga ambayo anayeingia na kuagiza kifaa kwa jina la kampuni pekee huenda akaikosa. Wajibu huu unamhusu mnunuzi wa nyumbani na mfanyabiashara vilevile.

Katiba ya mwaka 2010 iliupa wajibu huo uzito zaidi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nazo, na kulipwa fidia anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro za bidhaa. Ndipo ikafuata Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa, nambari 46 ya mwaka 2012.

Sheria hiyo ya 2012 ndiyo inayojibu maneno yanayochapishwa chini ya risiti nyingi nchini: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Wauzaji huyaonyesha maneno hayo kwa kidole kana kwamba ni amri ya mahakama. Kisheria, sharti lolote linalonuia kumvua mtumiaji kinga za Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili, hata kama aliliwekea sahihi. Maneno hayo yanaweza kumzuia aliyebadili nia kuhusu rangi ya pasi. Hayawezi kumzuia aliyeuziwa pasi mbovu.

Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba sheria imempa waranti ya maisha. Mipaka ipo, na ni vyema kuifahamu kabla ya kugombana na mwenye duka.

Kwanza, kasoro inayolalamikiwa iwe ilikuwemo ndani ya kifaa siku kilipouzwa, hata kama ilijitokeza baadaye. Kompresa iliyounganishwa vibaya kiwandani ni kasoro ya namna hiyo. Mpira wa mlango uliolegea baada ya miaka 6 ya kufunguliwa na watoto ni uchakavu wa kawaida. Bei nayo hutazamwa, na haki ni itazamwe: kurunzi ya Sh300 iliyodumu mwaka mmoja imefanya kazi yake, ilhali runinga ya Sh60,000 iliyozima baada ya miezi 15 inazua swali ambalo muuzaji anapaswa kulijibu.

Pili, aliyekitumia kifaa kwa mwaka mzima amekwisha kukipokea kisheria. Hawezi tena kukirudisha na kudai fedha zake zote. Anachobaki nacho ni haki ya fidia, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa gharama ya kukitengeneza au kwa tofauti kati ya thamani ya kifaa kizima na ya kile alichopewa.

Tatu ni muda. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inatoa miaka 6 ya kufungua kesi inayotokana na mkataba. Mkataba ukivunjwa kwa kuuza bidhaa mbovu, saa huanza kuhesabu bidhaa inapokabidhiwa, si siku ilipoharibika. Uingereza nayo ina kipimo hicho cha miaka 6 katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Nchi za Muungano wa Ulaya zimeweka angalau miaka 2 ambapo muuzaji huwajibika bila kujali kadi ya waranti inasema nini. Kenya haina kipindi cha lazima cha aina hiyo, na hapo ndipo mnunuzi wa Gesima anapobeba mzigo mzito kuliko mwenzake wa Ufaransa: yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Uthibitisho huo ndio unaozika madai mengi, na katika nyanda za Kisii na Nyamira kuna sababu ya ziada. Eneo hilo ni miongoni mwa sehemu za nchi zinazopigwa na radi mara kwa mara. Mvua ikinyesha alasiri, umeme wa radi unaweza kuingia kupitia nyaya za stima au waya wa antena na kuchoma saketi za runinga kwa kufumba na kufumbua. Stima inayokatika na kurudi kwa kishindo hudhuru vilevile. Jokofu ambalo kompresa yake inalazimishwa kuanza upya papo hapo, au kufanya kazi kwa umeme hafifu ulio chini mno ya volti 240 zinazotarajiwa, hupata joto na hatimaye huungua. Muuzaji mwerevu atadai kwamba kilichoua kifaa ni radi au stima, wala si kiwanda. Mara nyingine atakuwa anasema kweli.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza baada ya kifaa kuharibika si kukifungua. Fundi akishatoa sehemu na kuzitupa, ushahidi umekwenda nazo. Mwenye kifaa amtafute fundi aliyehitimu, akipime, na aandike kwenye karatasi alichokiona: sehemu iliyoharibika, kama kuna dalili za kuungua kutokana na umeme mwingi, na kama kasoro inaonekana kuwa ya utengenezaji. Karatasi hiyo yenye jina, tarehe na sahihi ina thamani kuliko saa nzima ya majibizano dukani. Majirani wawili walionunua kifaa cha aina ileile na kupata hitilafu ileile wanaongeza nguvu ya madai.

Risiti nayo ihifadhiwe kwa akili. Nyingi huchapishwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga, na anayeitoa kabatini baada ya miaka 2 anaweza kukuta karatasi nyeupe. Heri kuitoa nakala au kuipiga picha siku ileile ya ununuzi. Aliyelipa kwa M-Pesa anaweza kutumia taarifa ya akaunti yake kuonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa.

Kuna hali moja ambayo humpa mnunuzi nafuu kubwa: ikiwa alilalamika kabla ya waranti kuisha. Jokofu lililopelekwa dukani mwezi wa 10, likarekebishwa, kisha likafa kwa tatizo lilelile mwezi wa 13, haliwezi kuchukuliwa kana kwamba limeharibika nje ya muda. Ahadi ya kurekebisha haikutimizwa. Ndiyo maana kila malalamiko yafaa kuandikwa, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, badala ya kusemwa kwa mdomo tu.

Ikiwa uchunguzi unaonyesha kwamba stima ndiyo iliyounguza kifaa, madai yanaelekezwa kwingine. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamtaka msambazaji wa umeme kumfidia mteja aliyepata hasara kutokana na umeme duni au usio thabiti. Mteja huanza kwa kuwasilisha malalamiko katika ofisi ya Kenya Power, akitaja nambari ya mita, tarehe, saa na vifaa vilivyoharibika, na asiporidhika anaweza kufika mbele ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Iwapo nyumba kadhaa kwenye transfoma moja zilipoteza vifaa usiku mmoja, ni busara kulalamika pamoja. Radi yenyewe haina wa kushtakiwa.

Kwa madai dhidi ya duka, barua hutangulia. Itaje kifaa, tarehe ya ununuzi, bei, hitilafu, matokeo ya uchunguzi wa fundi, anachotaka mnunuzi na siku anazompa muuzaji, tuseme 14. Iandikiwe duka, kwa kuwa mkataba wa ununuzi ni kati ya mnunuzi na duka. Muuzaji anayesema “nenda kwa kampuni” anajaribu kuukwepa wajibu ulio wake. Yeye ndiye anayeweza kumfuata aliyemuuzia.

Barua isipojibiwa, kuna njia mbili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, hupokea malalamiko ya watumiaji bila malipo. Sheria hiyo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti na haki zake, na pia kuhusu kupatikana kwa vipuri au huduma za ukarabati. Duka lililoahidi kwamba vipuri vipo tele, kumbe havijawahi kuingizwa nchini, linaweza kujikuta likijibu maswali huko.

Njia ya pili ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya kuuziana bidhaa, na inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili. Haijafika katika kila kituo cha mahakama. Mkazi wa Gesima anaweza kuulizia katika sajili ya mahakama ya Keroka ni wapi pa kuwasilisha dai lake.

Aliyenunua kifaa kilichokwisha kutumika, kama yale majokofu yanayoletwa kutoka ng’ambo, ana kinga hafifu zaidi. Mahakama haitatarajia kidumu kama kipya, na kasoro ambazo angeziona kwa kukikagua hawezi kuzilalamikia baadaye. Naye anayelipa kwa awamu, kama ilivyo kawaida kwa mitambo ya sola, asikimbilie kuacha kulipa kifaa kinapozima baada ya waranti, kwani anaweza kuhesabiwa kuwa mdaiwa sugu. Aandike malalamiko kwanza, huku salio likiendelea kujulikana.

Mambo hubadilika kabisa kifaa kinapomrusha mtu au kuteketeza nyumba. Hapo waranti haina nafasi, na mtengenezaji mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa uzembe ingawa hakumuuzia mwathiriwa chochote. Lakini muda wa kushtaki kwa uzembe ni miaka 3 pekee. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lafaa kuarifiwa mapema, na mabaki ya kifaa, pamoja na plagi, waya na stika ya ubora iliyobandikwa, yawekwe mahali pakavu bila kuguswa hadi yachunguzwe.