Mwani Mkaidi na Konokono wa Bwana Warington

Sisi watu wa Machame hatuna bahari. Maji yetu hushuka kutoka msituni na kupita katika mifongo hadi migombani. Hata hivyo nakuomba ruhusa nizungumzie maji ya chumvi, kwa kuwa mjukuu wangu mmoja aishiye Ulaya anafuga samaki wa baharini katika tangi la kioo, na kila anaponipigia simu kilio chake ni kimoja: mwani. Hasemi ule mwani unaolimwa Paje na Jambiani. Ni utando wa kijani unaoshika kioo na mawe, kisha unaota kama nywele. Ameukwangua, amebadilisha maji, amenunua dawa; baada ya majuma mawili umerudi. Ananiuliza, "Babu, adui huyu anauawa kwa silaha gani?" Swali lake lina umri karibu sawa na tangi lenyewe, na jibu lake linapatikana katika historia.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakambishia. Mwaka uliofuata, mjini London, mkemia Robert Warington alitia samaki wawili wa rangi ya dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini. Alitaka kujua kama mmea ungewapa samaki hewa, na samaki wakaulisha mmea kwa uchafu wao, pasipo kubadilisha maji. Mwanzoni mambo yalikwenda vema. Kisha majani makuukuu yakaoza, utando wa kijani ukashika kioo, maji yakachafuka. Warington hakukimbilia dawa. Aliingiza konokono wachache wa bwawani. Konokono wakala uozo na utando, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1850. Wahenga wetu walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baada ya hapo Warington na Philip Henry Gosse walijaribu maji ya bahari. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Gosse alitoa kitabu chake juu ya matangi hayo. Watu wenye uwezo wakashikwa na shauku. Kila sebule ikataka bahari yake. Lakini walio wengi waliweka matangi dirishani, wakajaza samaki kupita kiasi, na maji yakageuka kijani au yakanuka. Walisahau kwamba baharini mwanga huingia kutoka juu, ilhali tangi la kioo hupokea mwanga pande zote. William Alford Lloyd alilielewa jambo hilo. Katika nyumba ya samaki ya Crystal Palace, iliyofunguliwa mwaka 1871, alijenga hifadhi kubwa ya maji chini, gizani, na maji yakawa yanazunguka kutoka humo hadi kwenye matangi na kurudi. Gizani mwani hauoti.

Nilipokuwa nikifundisha sayansi niliwafanyisha wanafunzi jaribio ambalo halikugharimu hata senti. Tulichukua chupa tatu za maji ya mfongo. Moja tuliiacha juani kama ilivyo. Ya pili tuliitia samadi kidogo tukaiweka juani. Ya tatu tuliitia samadi vilevile tukaifungia kabatini. Ya pili ndiyo iliyotangulia kuwa kijani, na ile ya kabatini haikuwa kijani hata kidogo. Wanafunzi waliona wenyewe kwamba mwani hutaka vitu viwili kwa pamoja, mwanga na mbolea. Katika tangi la samaki mbolea hiyo, yaani naitreti na fosfeti, hutokana na chakula kilichobaki, kinyesi cha samaki, na pengine maji yenyewe ya bomba. Anayekwangua kioo huku akiendelea kumwaga chakula anavuna tu. Shamba lake bado lina rutuba.

Haya yangekuwa mambo ya sebuleni tu, kama bahari yenyewe isingetufunza somo hilo kwa bei kali. Huko Jamaika, samaki wala mwani walivuliwa kwa miaka mingi hadi wakapungua sana. Kazi ya kusafisha matumbawe ikabaki mikononi mwa kiumbe mmoja, yule mwenye miiba mirefu myeusi anayechoma miguu ya waogeleaji. Mwaka 1983 ugonjwa ukaingia katika bahari ya Karibi ukawafagia karibu wote. Mwani ukatanda. Watafiti waliopima miamba ya Jamaika walikuta kwamba matumbawe hai, yaliyofunika kiasi cha asilimia 52 mwaka 1977, yalikuwa yamebaki asilimia 3 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwani ulikuwa umefunika asilimia 92.

Kwetu Afrika Mashariki wafagiaji wa bahari ni pono, kangaja na tasi. Huko Kenya jambo lilichukua sura nyingine: mahali palipovuliwa sana, samaki kama kikande, ambao hula wale viumbe wa miiba, walitoweka, na wenye miiba wakazidi hata wakawa wanaguguna mwamba wenyewe. Kumbe hata mfagiaji anahitaji msimamizi. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe ya pwani yetu na mengi yakafa. Tumbawe likifa, mwani hauchelewi kuhamia juu yake, na pasipo wa kuula, matumbawe machanga hukosa pa kushika. Ndiyo maana maeneo yaliyotengwa, kama Chumbe mwaka 1994 na Mafia mwaka 1995, yana thamani kwa mvuvi hata asiporuhusiwa kutupa nyavu ndani ya sehemu zake zilizofungwa.

Lakini tusiwe wepesi wa kutoa hukumu. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwaka 1989, kina mama wanaofunga mbegu kwenye kamba wamemjua tasi kuwa mwizi, kwa kuwa hula mazao yao. Samaki yuleyule ambaye mwenye tangi angemnunua kwa fedha nyingi ndiye anayemtia hasara mama wa Paje. Wala mwani si mwovu. Kila mmoja anafanya kazi aliyoumbiwa. Kinachotusumbua ni kipimo kupotea.

Wazee wa hapa walilijua hilo bila kusoma kemia. Mfongo ulisafishwa kwa zamu na kwa pamoja, na asiyefika kazini alitozwa faini. Hawakungoja uzibe ndipo wauonee hasira. Maji, yawe ya tangi, ya mfongo au ya bahari, hutaka kuangaliwa kila siku: kujua kinachoingia, na kutowafukuza wale wanaoyasafisha. Tukiwamaliza pono na tasi, hakuna mkono wa mtu utakaoweza kuikwangua Bahari ya Hindi.